Mashine Isiyowahi Kulala

Ofisini walimwita Mama Subiri, na hakuna aliyejisumbua kumficha jina hilo. Lilitokana na neno alilolisema mara nyingi kuliko salamu. Mkurugenzi akitaka mtambo mpya uwashwe kabla wageni hawajamaliza soda zao, yeye husema subiri. Dada wa mapokezi akitaka kuchomeka birika kwenye soketi moja na printa, subiri. Wenye haraka walimwona mzito. Wenye haraka ni wengi katika kila ofisi, na kwa sababu wanafika mapema kwenye kila kosa, wanapandishwa cheo kabla kosa lenyewe halijajulikana.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni tangu siku alipoikalia. Kazi yake ilikuwa kutunza afya ya seva ya kampuni iliyopeleka mitungi ya oksijeni majumbani kwa wagonjwa. Seva ndiyo iliyojua nani anaishi wapi, mtungi wake unaisha lini, na gari lipi lipite mlango upi. Madereva hawakujua chochote. Waliamka, wakasoma simu zao, wakaenda walikoelekezwa. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama mkwe wake mwenyewe, aliyelala chumba cha nyuma nyumbani kwake, bomba la plastiki puani na redio ndogo begani, akibishana na watangazaji kwa pumzi chache alizokuwa nazo.

Seva haikuwepo ofisini. Ilikuwa imekodishwa kwenye wingu, maana yake iko ndani ya jumba kubwa la watu wengine, mbali, ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona. Hilo halikuwazuia kuipa jina. Waliiita Mzee. Na Mzee alikuwa na sifa moja iliyowalewesha wote: tangu siku alipowashwa hakuwahi kuzimwa. Kila mwaka walimkatia keki. Mkurugenzi alishika kisu, akaomba aseme maneno mawili, akasema mia nne, kisha picha ikapigwa chini ya bango lililoandikwa HATUJAWAHI KUZIMA. Mama Subiri alikula keki hiyo kama wengine. Ilikuwa keki nzuri, yenye maziwa ya kutosha.

Haikumjia mtu akilini, hata yeye, kwamba mashine isiyowahi kuzimwa ni mashine ambayo hakuna ajuaye kama itawaka. Programu hutoboka kama suruali, na wanaozishona huleta viraka kila mara. Lakini viraka vingi havishiki mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Viraka vya Mzee vilikuwa vimerundikana miaka na miaka, vikingoja siku ambayo kampuni ilikuwa imeapa haitafika.

Siku hiyo ilikuja kwa barua pepe. Wenye wingu waliandika kwamba Alhamisi saa sita mchana wangezima na kuwasha upya kila mashine iliyomo katika jumba lao, ili kuziba tundu ambalo wezi walikuwa wameanza kulitumia. Hawakuomba ruhusa. Walikuwa wameshaandika mara kadhaa, na kila mara Mkurugenzi aliihamishia barua yao kwenye folda aliyoiita Matangazo, pamoja na salamu za sikukuu na wauza viti vya ofisi. Ya mwisho ilipofika ilikuwa Jumanne.

Mkurugenzi hakushtuka. Alikuwa mtu wa kugeuza kila janga kuwa mpango mkakati.

"Tutazima wenyewe kabla yao," alisema. "Tunaweka viraka vyote kwa mpigo, tunawaambia wateja ni maboresho. Mama Subiri, kagua utayari, andika tayari, tufunge ukurasa."

Ukaguzi wa utayari ulikuwa ukurasa wa kompyuta wenye taa. Ulimuuliza Mzee kama ana nafasi ya kutosha, kama kumbukumbu yake inapumua, kama nakala za akiba zilichukuliwa jana, kama anaufikia mtandao. Mzee alijibu kijani, kijani, kijani na kijani.

"Si umeona?" Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akinukia manukato ya mtu asiyepanda ngazi. "Kijani tupu. Unasubiri nini tena, mwali atoke ndani?"

"Ninasubiri nimwone akiwaka."

"Hajazimwa, atawakaje?"

"Ndiyo maana."

Mama Subiri akatengeneza pacha wa Mzee kutoka kwenye nakala ya jana, akamfungia peke yake pasipo njia ya nje, asije akaanza kuwatumia madereva ujumbe, kisha akamwasha. Pacha aliamka vizuri. Akajihesabu, akajipangusa, akafika kwenye programu ya wagonjwa, akasimama. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja tu, ukidai nenosiri la kufungulia kumbukumbu.

Mama Subiri alijaribu manenosiri yote ya ofisi. Akawauliza waliokuwepo, mmoja mmoja. Wengine walimjibu kwa kutaja lile la intaneti ya wageni.

Nenosiri lile liliandikwa mara moja tu, kwa mkono, siku ile Mzee alipowashwa. Kwa kuwa hakuzimwa tena, hakuna aliyeulizwa tena. Nakala zote za akiba zilizofanya taa iwe kijani zilikuwa zimefungwa kwa neno lilelile. Kampuni ilikuwa na sanduku, na nakala mia za sanduku, na ufunguo mmoja kichwani mwa mtu waliyemfukuza.

Mtu huyo walimwita Ndevu. Alifukuzwa mwaka juzi. Mama yake alikuwa amefariki, akaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mkurugenzi, ambaye wiki hiyo alikuwa na wageni wa kuonyeshwa bango, aliinyooshea kidole skrini ya Mzee akamwambia mbele ya watu: "Mama yako ameshafariki, hatakimbia. Huyu hapa anaweza kufa wakati wowote." Ndevu alichukua koti lake akaenda kuzika. Aliporudi alikuta printa imewekwa juu ya meza yake.

Watu wote ofisini waliyasikia maneno yale. Walitazama kibodi zao kana kwamba ndio kwanza wameziona.

Mama Subiri alimpigia kutoka kwenye ngazi, kwa sababu ofisi nzima ilikuwa chumba kimoja na kila mtu ana masikio.

"Nani?"

"Mimi. Mama Subiri."

"Mzee amekufa?"

"Bado."

"Basi mnataka paswedi." Nyuma ya sauti yake palisikika nyundo na mtu akipiga mluzi. "Nilikuwa najiuliza mtagundua lini. Lakini mlikuwa na shughuli, kukata keki si mchezo."

"Unaikumbuka?"

"Kama jina langu. Na sikuiandika popote, kabla hujaniuliza. Bosi wenu ndiye aliyekataza, alisema ikiandikwa itaibiwa. Nilimtii. Nilikuwa mfanyakazi bora sana, nadhani hata cheti ninacho."

"Nipe, Ndevu."

"Mwambie aje. Yeye, kwa miguu yake, huku ninakotengeneza mafriji. Aje aseme alichoniambia siku ile, kisha aseme alikosea. Sitaki kazi, sitaki senti ya mtu. Ni robo saa ya maisha yake."

"Na wagonjwa umewaweka wapi?"

"Palepale alipowaweka yeye. Umemuuliza yeye kwanza, au mimi ndiye rahisi kugombezwa?"

Mama Subiri alikata simu akiwa na hasira za kutosha watu wawili, na aliona wanazistahili wote wawili. Mmoja alikuwa ameketi juu ya pumzi za watu kwa sababu ya neno alilonyimwa. Mwingine angeziacha zikatike kwa sababu ya neno hilohilo. Hakumwambia Ndevu habari za chumba cha nyuma. Kisa kilikuwa cha wanaume wale, na hakutaka kumburuta mama mkwe wake na mtungi wake hadi kwenye mzani wao.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, vidole vimekutanishwa, kama anayesali kwa mtu wa cheo sawa na chake.

"Mimi niende gereji nikamwombe radhi mtu niliyemfukuza," alisema.

"Ni karakana ya mafriji. Na ndiyo."

"Unajua hiyo inatoa picha gani kwa wafanyakazi?"

"Nzuri."

"Hapana, dada yangu. Uongozi hauombi radhi kwa shinikizo. Kuna njia mbadala. Mzee si bado yuko macho? Anaonyesha wagonjwa kwenye skrini?"

"Mmoja mmoja."

"Basi tunawanakili. Wote. Tuna watu, tuna kalamu, tuna ari."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa kwamba robo saa ya mtu mmoja ilikuwa ghali mno, na ikabadilishwa kwa siku nzima ya watu wote. Jumatano asubuhi wafanyakazi waliingizwa kwenye chumba cha mikutano, kila mmoja na kompyuta yake, wakaanza kufungua mgonjwa baada ya mgonjwa na kumwandika upya: jina, mtaa, nyumba, simu, aina ya mtungi, siku ya kupelekewa. Mkurugenzi alipita nyuma yao na kuita zoezi hilo ushirikiano. Kisha akaenda kwenye kikao.

"Mimi nimesomea kukaribisha watu," alisema dada wa mapokezi, "leo nimekuwa fotokopi."

"Andika, shoga," alijibu fundi umeme aliyekaa jirani yake. "Ukichoka, kumbuka bosi anateseka zaidi. Kule kikaoni hakuna hata dirisha."

"Huyu nyumba namba tisa au nne?"

"Mwekee tisa, ikikosewa dereva ataulizia."

Mama Subiri aliposikia hilo alisimama, akaanza kupitia kazi iliyokwisha fanyika. Walikuwa hawajafika hata theluthi. Na katika theluthi hiyo wagonjwa wawili walikuwa wamepewa simu moja, mzee mmoja alikuwa amegeuka mtoto, na mwanamke mmoja mwenye jina analolijua vizuri sana alikuwa ameandikwa kwenye mtaa waliokuwa wamehama zamani. Mzee alihifadhi anwani zote mbili, ya kale na ya sasa, na mwandishi alinakili ya kwanza aliyoiona. Kesho gari lingempelekea mama mkwe wake mtungi kwenye nyumba ambayo sasa ni saluni.

Hakupiga kelele. Alikunja miwani yake, akaenda hadi chumba cha kikao, akafungua mlango bila kubisha.

"Simama," alimwambia Mkurugenzi. "Twende."

"Nina wageni."

"Nao waje. Watapenda kusikia."

Kuna sauti ambayo mtu huitumia mara moja tu katika ajira yake, kwa sababu kwa kawaida hakuna mara ya pili. Mkurugenzi aliitambua. Aliwaomba wageni radhi kwa haraka na ufasaha, na Mama Subiri akabaini kwamba kumbe neno hilo analo mdomoni, ila halitoki kwa kila mtu.

Karakana ilikuwa uwanja wa saruji uliojaa mafriji yasiyo na milango, yamesimama midomo wazi. Ndevu alikuwa amechuchumaa nyuma ya moja. Ndevu zenyewe alikuwa amezinyoa. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu zaidi ya mikono.

"Karibuni. Viti hatuna, kaeni juu ya kompresa hizi za friji."

Mkurugenzi alibaki wima, akilinda suruali. Alikohoa kidogo. "Kwa niaba ya uongozi," alianza, "napenda kusema kwamba, kama kuna jambo lolote ambalo kwa namna moja au nyingine huenda lilikukwaza, basi tunasikitika."

"Kama," alisema Ndevu.

"Naam?"

"Umesema kama. Kama kuna. Unakumbuka uliniambia nini?"

"Ni siku nyingi. Na kazini watu wanataniana."

"Huyu anakumbuka," alisema Ndevu, akimwelekezea kidevu Mama Subiri.

"Nakumbuka," alisema Mama Subiri. "Neno kwa neno. Nikukumbushe, bosi?"

"Haina haja." Mkurugenzi alitazama saa, kisha akafanya kile ambacho baadaye angekiita diplomasia. "Sikia, kijana. Tuache ya kwetu. Huyu mwenzako mama mkwe wake yuko kwenye mtungi. Nyumbani kwake. Ukikataa, si mimi unayeniumiza. Ni bibi wa watu."

Mpiga mluzi aligeuka kutazama. Mama Subiri alihisi damu ikimpanda hadi kwenye vishikio vya miwani. Alikuwa amemficha mama yule kwa siku mbili, na sasa ametolewa hadharani na mtu ambaye hajawahi hata kumjulia hali, atumike kama kabari ya kushindilia mlango.

"Kweli?" aliuliza Ndevu.

"Kweli."

"Na ulinipigia simu, hukusema."

"Ungenipa kwa ajili yake. Nilitaka unipe kwa sababu ni haki, au uninyime tujue moja."

Ndevu alikitupa kitambaa juu ya friji. Kisha akamgeukia Mkurugenzi. "Wewe, katusubirie nje. Kule kwenye mfereji pana kivuli kidogo." Na Mkurugenzi, aliyekuwa hajaamrishwa na mtu tangu shule, akatoka.

Walikaa juu ya kompresa, kompyuta magotini pa Mama Subiri, wakaanza na yule pacha. Ndevu alimtajia neno, akaliandika mwenyewe kwa vidole vyenye grisi. Pacha akafunguka. Wagonjwa wote walikuwamo, kila mmoja na nyumba yake.

"Sikumpa yeye," alisema Ndevu. "Deni lake liko palepale."

"Najua."

"Sikufanya vizuri kuwaweka wagonjwa katikati. Lakini paswedi ningekaa nayo hivihivi, maana hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza chochote."

Mama Subiri akamshukuru, akaondoka.

Alhamisi asubuhi, madereva wakiwa wameshapakua orodha zao za siku, Mama Subiri alimzima Mzee kwa mkono wake. Ofisi nzima ilisimama kana kwamba kuna maiti ndani. Viraka vikaingia, vingine vikidai vingine kwanza. Mzee akawashwa, akauliza swali lake, akajibiwa, akafunguka. Wenye wingu walipomzima tena saa sita, aliamka kama mtu mwenye mazoea. Neno la zamani lilikuwa limeshabadilishwa, na jipya likakabidhiwa kwa watatu: Mama Subiri, fundi umeme na dada wa mapokezi, ambaye alisema sasa ndiyo anaona faida ya kusoma.

Mkurugenzi alifika mezani kwake alasiri, ametulia, manukato yamerudi.

"Hongera kwa timu. Umeona? Kila kitu kimekwisha salama, mama amepona, hakuna aliyeumia. Niandikie hilo nenosiri jipya, kwa ajili ya kumbukumbu za uongozi."

"Mtu mmoja aliumia," alisema Mama Subiri. "Na bado hujamwambia."

"Nilikwenda. Ulikuwepo."

"Ulikwenda kusimama kwenye mfereji."

Mkurugenzi alitabasamu kwa ajili ya waliokuwa wakitazama, akasema watalizungumza kwenye tathmini yake ya mwaka, akaenda zake. Haikuwa tishio. Ilikuwa tarehe.

Nyumbani alifunga mlango wa mbele mpaka vyombo vikalia kabatini. Mume wake, mwalimu wa udereva, mtu ambaye mchana kutwa anakanyaga breki kwa niaba ya wengine, alimtazama mara moja akaona heri aende kumwagilia maua.

"Leo unafunga mlango kama askari," alisema mama mkwe kutoka chumba cha nyuma. Mtungi mpya ulikuwa pembeni ya kitanda, umefika nyumba sahihi. "Njoo hapa. Nani amekuudhi?"

Akamweleza yote, toka keki hadi kompresa. Mama mkwe alipunguza redio, heshima ambayo hakuwahi kumpa hata daktari.

"Na huyo kijana," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "mama yake... mlikwenda kumzika?"

"Hatukwenda, mama."

"Aliporudi... mlimpa pole?"

Mama Subiri alitazama bomba lililopita juu ya shuka. "Alikuta printa mezani kwake."

"Sijauliza printa. Wewe. Ulimpa pole?"

"Hapana."

"Na hii wiki... umempigia, umekaa naye?"

"Nimempigia, nimekaa naye. Pole sijampa, mama."

Mama mkwe hakumkemea. Alinyoosha mkono. "Nipigie huyo kijana."

Aliongea kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno machache kama mtu anayepanda mlima na kikapu. "Mwanangu... mimi ndiye mwenye mtungi. Sikupigii kwa hilo. Nimesikia habari ya mama. Pole. Pole sana... Najua ni zamani. Msiba hauna zamani. Alikuwa anaitwa nani?" Kisha akasikiliza, muda mrefu, akiguna. Mara moja akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi. Mwishowe akasema, "Huyu hapa," akamsogezea mkwewe simu.

Mama Subiri alikuwa na hasira wiki nzima, na yote alikuwa ameimwaga kwa mtu mmoja, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameistahili na kwa sababu ilikuwa nafuu hivyo. Aliishika simu.

"Ndevu."

"Nakusikia."

"Pole na msiba wa mama."

"Umechelewa."

"Najua."

Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa. "Sawa," alisema. "Imefika." Akakata yeye kwanza.

Alikaa miguuni pa kitanda, simu mkononi. Hasira ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe, hapo miguuni pa kitanda.

"Na huyo bosi wako," aliuliza mama mkwe. "Neno jipya... ameshalipata?"

"Analitaka."

"Ameshakwenda kusema?"

"Bado."

"Usimpe."

"Sitampa, mama."

Mama mkwe akaifungulia redio sauti, maana kulikuwa na mtangazaji aliyekuwa anakosea jambo.